Mkono wa Kushoto wa Zawena

Usiku wa kuamkia leo, siku ya kutunuku wanafunzi bora, niliota sherehe imeanza na mimi sijamaliza kufunga mkanda wa kiatu.

Shuleni kwetu mgeni hupokewa kwa ujanja. Mwalimu akiuliza swali, darasa zima hunyoosha mikono: anayejua hunyoosha wa kulia, asiyejua wa kushoto. Mwalimu humchagua wa kulia. Mgeni huona mikono tele, hupongeza, hula pilau, huondoka. Upuuzi huu niliuleta mimi, Mwalimu Tabia Shemweta, na kwenye kikao nikasifiwa kwa ubunifu.

Basi ndotoni mgeni rasmi ni kiti. Kiti cheupe cha plastiki, kimevalishwa satini, kinashushwa kwenye gari lenye kiyoyozi. Mkuu wa shule, Mwalimu Lukindo, anakiinamia na kukiomba radhi kwa vumbi. Kiti kinasema kimefurahishwa mno na taaluma ya hapa. Hakijauliza lolote bado. Wazazi wanapiga makofi, na mimi napiga.

Kinaagiza watoto wasimame kwa nafasi zao. Wa kwanza anasimama kwenye meza ya zawadi. Wa pili yuko hatua mia nyuma yake, wa tatu kule kwenye goli. Zawena Mbegu, wa tisini na nne, wa mwisho, anafika ng'ambo ya mto, katika wilaya nyingine, na huko mtendaji wa kijiji anamdai barua ya utambulisho.

Naandika ubaoni: Kuku wa jirani ametaga kwenye kapu la mama. Kiti kinauliza nani atasoma.

Mikono ya kulia inayonyooka ni mitatu, ile ile ya kila mwaka. Wenyewe wanasoma kwa sauti safi, bila kukwama, risala ya mwaka jana. Ndiyo waliyokariri. Kiti kinatikisa miguu kwa furaha.

Hapo mkono mmoja wa kushoto unaanza kurefuka. Unavuka mto, unapita juu ya wazazi, unatua mezani mbele yangu. Ubavu wa kiganja una wino mkavu.

"Huo ni wa kushoto, mwalimu," anasema Mwalimu Lukindo. "Ruka."

Naruka, kama nilivyozoea. Najikuta juu ya paa la ofisi. Chaki iliyo mfukoni mwangu inakohoa, kisha inauliza:

"Mtoto huyu anaandika kwa mkono gani?"

Nilikuwa najua. Mimi ndiye niliyemkalisha mwisho wa dawati ili kiwiko chake kisimsumbue mwenzake.

"Wa kushoto," najibu.

"Kwa hiyo miaka miwili anakwambia anajua," inasema chaki, "na wewe unamruka."

Aibu iliyonipata sijui niifananishe na nini. Kutoka ng'ambo ya mto sauti ndogo inasoma, neno moja moja: kuku, wa, jirani, ametaga. Inafika mpaka kwenye kapu la mama bila kukosea.

Kiti kinasema mtoto huyo hayumo kwenye ratiba, tena pilau inapoa. Mwalimu Lukindo anakubaliana nacho kabla hakijamaliza. Nateremka, natafuta cheti kwenye bahasha. Nimeandika vitatu tu, cha nne ni cha akiba, nisije nikakosea jina la mtoto wa diwani. Mkono wa Zawena unaninyang'anya kalamu.

Nikaamka. Kumepambazuka, pasi bado ya baridi, bahasha iko mezani nilipoiacha. Vyeti vitatu viko sawa, kwa mwandiko wangu wa kujivunia. Cha nne, nilichokiacha kitupu, kimeandikwa: Zawena Mbegu, amejua kusoma. Wino umepakazwa kuelekea kulia, mstari mzima, kama mkono ulikuwa unaifuata kalamu nyuma na kuyafuta maneno yakiwa mabichi. Mimi natumia wa kulia. Wino wangu haupakazwi hivyo.

Palipobaki wazi ni mahali pamoja tu, pa sahihi ya mwalimu wa darasa.