Chafya Iliyosema Kweli

Etelka aliwahi kufika uani kwa halmashauri, kabla hata mashine za kufyekea hazijatiwa petroli, ili ampate Bwana Vendel akiwa peke yake. Hakubahatika. Msimamizi huyo alifika kikosi kizima cha vibarua kimeshajipanga, akabaki ndani ya gari, kioo kimeshushwa, kahawa mkononi.

"Bwana Vendel, nipeleke jikoni shuleni mpaka hili gugu la chavua liishe kuchanua. Kifua kinabana. Jana nusura nianguke mtaroni."

"Wenye pumu wanahamishwa msimu wa chavua ukianza, Etelka. Msimu ni katikati ya Agosti. Leo bado Julai."

"Huo ni msimu wa marehemu mama yangu! Enzi zake tulianza kupiga chafya baada ya sikukuu ya Mtakatifu István, Agosti ishirini, mikate ya ngano mpya imeshaliwa. Siku hizi gugu linachanua ngano ikiwa bado shambani, na linatukaba mpaka baridi ya kwanza. Halisomi matangazo yenu."

Vibarua wakacheka. Vendel hakucheka. "Asiyetaka kufyeka barabarani aseme sasa nimfute orodhani. Miezi mitatu bila kibarua, bila posho. Na mimi nasema, hewani hakuna chavua."

Etelka alifungua mdomo amjibu. Chafya ikamtoka, kubwa, ya kumtoa machozi.

"Kweli!" kikosi kikaitikia kwa mazoea, maana huku kwao mtu akipiga chafya mwenzake anaposema, basi maneno hayo yamethibitishwa.

"Umesikia?" Vendel sasa alikuwa akicheka. "Pua yako mwenyewe imenitetea, mama."

Hata Jolán, rafiki yake wa tangu shule, alicheka. Hasira zilimpanda Etelka mpaka masikio yakamwaka moto. Alikwenda kwenye uzio wa halmashauri yenyewe, ambako gugu lilimfika kiunoni, akang'oa shina lenye maua, akarudi nalo dirishani na kulikung'uta juu ya kahawa. Vumbi la manjano likatua kikombeni na kwenye shati la bosi.

Vendel alijirusha nyuma, kiganja puani.

"Unakimbia nini, baba?" Etelka aliuliza, sauti ikikwaruza. "Si umesema hakuna?"

Jolán alivua kitambaa chake cha kichwani, akamfunga Etelka puani na mdomoni, akikaza fundo bila kumtazama usoni. Vendel akapandisha kioo mpaka juu, na kutoka humo ndani akawaonyesha kwa kidole: barabarani.