Mgonjwa wa Kituo cha Tatu

Mtu anaweza kufeli mtihani kwa kutojua. Anaweza kufeli kwa uvivu, kwa homa, au kwa kuchelewa kuamka. Kimya alifeli mara mbili kwa sababu hakupiga domo.

Jina hilo la Kimya alipewa na wenzake katika chuo cha wahudumu wa gari la wagonjwa, na aliyelitunga hakuumiza kichwa. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, fundi cherehani wa zamani, mwenye mikono inayojua inachokitafuta. Wakati wa mafunzo kwa vitendo hospitalini, dereva wa gari la wagonjwa alikuwa akigombana na wenzake ili Kimya apangwe kwenye zamu yake. Mshipa ambao wanafunzi wengine waliuchoma mara tatu na kumwomba mgonjwa radhi mara nne, yeye aliupapasa mara moja, akaupata. Lakini hospitali ni hospitali, na mtihani ni mtihani.

Mtihani ulikuwa na fomu. Fomu ilikuwa na vipengele thelathini, na mwanafunzi alitakiwa kutamka kila anachofanya wakati anakifanya: eneo ni salama, nimevaa glavu, namwomba mgonjwa ridhaa, napima mapigo. Aliyeitunga alikuwa Mkufunzi Mkuu, mtu aliyezunguka na gari la wagonjwa miaka ishirini kabla mgongo haujamshusha na kumkalisha ofisini. Sheria yake aliibandika ukutani kwa herufi kubwa: KISICHOSEMWA HAKIKUFANYIKA. Mwanzoni ilikuwa na maana, kwa sababu mtahini aliyekaa kwenye kona hawezi kuona kila kidole kinapogusa. Miaka ilivyokwenda, sheria ikavaliwa nyuma mbele: kilichosemwa kilihesabiwa kimefanyika. Mwanafunzi aliyesema "naweka oksijeni" alipata alama yake hata kama mtungi ulikuwa mtupu, na ulikuwa mtupu kweli, hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho kujazwa. Vidonge vya moyo vilikuwa vipande vya chaki. Simu ya dharura ilikuwa mkono wa simu ya mezani uliokatwa waya.

Bingwa wa chuo alikuwa kijana waliyemwita Redio. Alitiririsha vipengele thelathini bila kumeza mate, kwa sauti ya kusomea taarifa ya habari, na sanamu ya mazoezi haikuwahi kufa mikononi mwake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na sauti nzuri tu, na hakuna mwalimu aliyewahi kumdai kitu kingine.

Mara ya kwanza Kimya alipata vipengele kumi na kimoja. Mara ya pili, tisa. Chuo kilitoa nafasi tatu. Ukifeli ya tatu unarudisha sare na kitambulisho, unakwenda zako. Nyumbani hilo lingekuwa balaa, maana mama yake alishautangazia mtaa mzima kwamba binti yake ni daktari wa king'ora, na alikuwa ameanza kupokea wagonjwa kwa niaba yake, akiwaambia warudi mwezi wa sita.

Basi mama mtu akaichukua fomu ile mikononi mwake. Kila jioni alijinyoosha kwenye mkeka sebuleni, miwani puani, fomu kifuani, akafa.

"Haya, nishakufa," alisema. "Anza."

Kimya alipiga magoti, akamshika mkono.

"Umeninyamazia tena! Mimi nakufa hapa, wewe unanitazama kama nguo inayosubiri pasi. Sema!"

"Nimeshakushika, Mama. Mapigo yako mazuri."

"Nani kakuuliza kama ni mazuri? Nakuuliza umesema? Alama hapo huna."

"Mtu akiumwa ukampigia kelele sikioni, husikii anavyopumua."

"Hilo la kupumua halimo kwenye fomu. Nimetazama mbele na nyuma."

Wiki tatu nzima mama alikufa kila jioni, siku nyingine mara mbili chakula kikichelewa kuiva, mpaka Kimya akaanza kusema. Alisema kwa kujilazimisha, kama mtu anayemeza dawa chungu, lakini alisema.

Siku ya mtihani ikafika. Kituo cha tatu, chumba cha mtihani chenye fomu ile, kilikuwa cha maumivu ya kifua, na mgonjwa wake alikuwa Mkufunzi Mkuu mwenyewe. Nafasi hiyo hakumwachia mtu. Alikuwa fundi wa kuigiza. Alijirashia maji usoni yawe jasho, alikunja ngumi kifuani, alikoroma, aliwaita kwa majina marehemu wa ukoo wake. Mwaka uliopita mwanafunzi mmoja alitoka pale analia. Ukimwuliza katikati ya maigizo, "Mwalimu, ni kweli?" alikujibu, "Ni kweli, nakufa," kwa hoja kwamba hakuna mgonjwa anayekubali kuwa anaigiza.

Kwenye kona alikaa mtahini kutoka nje ya chuo, mama wa makamo mwenye saa ya kupimia muda na kalamu nyekundu, asiye na ugomvi na mtu. Kimya alikuwa wa mwisho ukimtoa Redio, aliyebaki nje kwenye benchi akipasha koo lake moto.

"Eneo ni salama," alisema Kimya, na sauti yake ikamshtua mwenyewe. "Nimevaa glavu. Mzee, mimi ni mhudumu wa dharura. Naomba ridhaa yako nikuhudumie."

"Nihudumie, binti," aliguna Mkufunzi kutoka kitandani. "Kifua kinabana."

Kalamu ilikwenda tiki, tiki. Kipengele cha tano kikapita, cha sita kikapita. Kimya alisikia raha ambayo hakuwahi kuipata ndani ya chumba kile. "Napima mapigo," alisema, hicho cha saba, akaweka vidole.

Hapo akanyamaza.

Baridi ya mkono ule ilipenya glavu. Jasho lilikuwa kwenye viganja na kwenye kunjo za viwiko, mahali ambapo Mkufunzi hakuwahi kujirashia maji. Mapigo yalikwenda mawili, yakasita, likaja moja dogo, yakasita tena. Mtu anaweza kuigiza maumivu, na akiwa na kipaji anaweza kuigiza hata kukata roho. Mapigo hayaigizwi.

"Mtahiniwa, tunakusikiliza," alisema mtahini.

Kimya aliinama. "Mwalimu, hii ni ya kweli?"

"Ni kweli," alinong'ona Mkufunzi. "Nakufa."

Ndivyo alivyowajibu wote waliotangulia, neno kwa neno. Mtahini alitabasamu kidogo, akatazama saa yake.

Kimya alipiga hesabu ya haraka. Kama Mwalimu anaigiza, na yeye akatoka mbio kuita watu, itakuwa kichekesho cha mwaka na safari ya kurudi kwenye cherehani. Kama haigizi, basi chumba kizima cha kufundishia kuokoa maisha hakina cha kuokolea maisha, ila mtungi mtupu na chaki. Vidole vilikuwa vimeshatoa jibu. Kilichobaki kubisha kilikuwa woga. Aliogopa kweli, akafungua mlango.

"Ingia upesi, Mwalimu anakufa!" alimwambia Redio.

"Najua," alisema Redio akiweka sawa kola. "Kituo cha tatu."

Kimya alitoa simu kwenye mkoba wake uliokuwa umeachwa nje kwa amri ya mtihani, akampigia yule dereva wa hospitalini, ng'ambo ya barabara.

"Mkufunzi Mkuu. Moyo. Leta mashine ya kushtulia moyo, chumba cha mtihani."

"Ni mazoezi?"

"Nimewahi kukupigia simu ya mchezo?"

"Hujawahi kunipigia simu kabisa," alisema dereva, na ufunguo ulishasikika ukizungushwa.

Aliporudi ndani, Redio alikuwa amesimama kando ya kitanda, kifua mbele, anatiririka. "Naweka oksijeni lita kumi na tano. Nampa mgonjwa aspirini aitafune. Nimepiga simu, gari liko njiani." Mikononi hakuwa ameshika kitu. Mtahini, alipoona mtahiniwa mpya ameingia, alikuwa amefungua fomu mpya.

Na Mkufunzi alikuwa amenyamaza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika kituo cha tatu. Macho yalikuwa wazi, hayamtazami mtu.

Kimya alimsukuma Redio kwa bega, akamvuta mzee yule kutoka kitandani hadi sakafuni, akaweka kiganja juu ya kiganja katikati ya kifua na kuanza kukandamiza. Ubavu wa kwanza ulivunjika kwa mlio. Redio aliusikia, na rangi ikamtoka usoni.

"Huyu si sanamu," alisema.

"Hesabu!" alisema Kimya.

Kwa haki yake, Redio alihesabu vizuri. Sauti ilimtetemeka lakini haikukosea hata namba moja, na Kimya akaifuata. Redio alipochanganyikiwa alirudia kile alichokijua, akawa anataja vipengele katikati ya hesabu: nakandamiza kifua, nimeomba mashine, naangalia dalili za uhai. Mtahini alikuwa ameshasimama, mkono mmoja mdomoni. Mkono wake mwingine, kwa mazoea ya miaka kumi na minane, uliendelea kutia tiki kila Redio alipotamka.

Dereva na muuguzi waliingia na mashine baada ya dakika nne. Walimshtua Mkufunzi mara mbili. Mara ya pili moyo ulirudi, na Kimya akakaa chini hapo hapo sakafuni, akalia kwa sauti, yeye ambaye hata kupiga chafya alipiga kwa adabu.

Matokeo yalitoka baada ya siku tisa. Baraza la mitihani lilikaa nusu siku, likatoa pongezi kwa wote waliohusika, kisha likarudi kwenye fomu. Redio: thelathini juu ya thelathini, amefaulu kwa daraja la kwanza. Kimya: saba, pamoja na maelezo kwamba mtahiniwa aliondoka chumbani kabla ya muda bila kutamka sababu. Mtahini, aliyekuwa hapati usingizi tangu siku ile, aliandika barua kuomba jambo hilo liangaliwe upya. Baraza lilimjibu kwa heshima kwamba barua si fomu. Redio naye alikwenda mwenyewe kueleza kwamba hakugusa kitu. Aliambiwa unyenyekevu ni sifa nzuri ya mhudumu. Ilibaki saini ya Mkufunzi Mkuu. Katibu wa chuo alimpelekea makaratasi wodini, na kwa kuwa Mkufunzi alikuwa hai, alitia saini yote.

Barua ilipofika nyumbani, mama mtu aliisoma mara mbili, akavua miwani. Jioni ile mkeka haukutandikwa. Hilo ndilo lililomchoma Kimya kuliko barua yenyewe.

Kesho yake asubuhi alikwenda hospitalini. Mkufunzi alikuwa uani juu ya machela, nyuma ya gari la wagonjwa, anasubiri kuhamishiwa hospitali kubwa, safari ya saa nne, akafanyiwe upasuaji wa moyo. Redio alikuwa ndani ya gari na sare mpya, anapanga blanketi. Ndiyo ilikuwa safari yake ya kwanza tangu afuzu.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Kimya, akampa mkono, akachelewa kuuachia.

"Marahaba." Mkufunzi alivuta pumzi taratibu, mbavu zikimuuma. "Nimetia saini."

"Barua nimeipata."

"Sheria niliiandika mimi, mwanangu. Nikiivunja kwa sababu tu aliyefaidika ni mimi, watasema nini?"

"Watasema uko hai."

Mkufunzi alimgeukia katibu wa chuo, aliyesimama pembeni na karatasi za safari. "Huyu apande na mimi," alisema.

"Kama nani, mkuu?" katibu aliuliza, kalamu juu ya karatasi. "Wanaoruhusiwa ni mhudumu aliyefuzu au ndugu wa mgonjwa. Mhudumu aliyefuzu tunaye."

Mkufunzi alimtazama Redio, aliyefuzu kwa saini yake ya jana. Redio aliinamisha macho.

"Andika ndugu."

"Ndugu gani unayemfukuza chuo?" alisema Kimya, na katibu akageuka kumtazama, maana hakuwahi kumsikia akisema sentensi ndefu kiasi hicho. "Nina hasira na wewe, Mwalimu. Na nikitoka huko naenda kwenye baraza, nitasema siku nzima mpaka wazibe masikio, na wewe ukipona utakuja ukae pembeni yangu usikilize."

"Nitakuja," alisema Mkufunzi. Midomo yake ilikuwa imepauka. "Panda."

Alipanda. Hakuwa amesamehe kitu. Alipanda kwa sababu mashine ya kupimia moyo ilikuwa bado haijafungwa kifuani pa mzee yule, na tangu alipompa mkono wa salamu alikuwa ameshasikia mapigo yakiruka tena, mawili, kimya, moja dogo, na pale uani hapakuwa na mtu mwingine aliyejua.