Picha Isiyokohoa

Mume wangu alinunua kochi kabla hatujapata sufuria ya pili. Simsengenyi, nimemwambia hayo uso kwa uso mara nyingi, naye hucheka tu na kusema sufuria haikaribishi mgeni. Ulikuwa mwaka 1953. Asukile alikuwa amekaa Kihesa, Iringa, miaka mitatu akifanya kazi ya ukarani, na mimi, tangu alipokuja likizo kunioa, nimebaki kwa wazazi wake kule Tukuyu. Alipohamishiwa Mbeya akapewa nyumba ya vyumba viwili na sebule, aliniandikia nimfuate pamoja na mtoto wetu Anyitike. Nilifika nikakuta nyumba nzima ina kitanda, meza, na lile kochi.

Kochi lenyewe lilikuwa kochi kweli. Alilitengeneza Makame, fundi seremala wa mtaa wa Mwanjelwa, ambaye babu yake alitoka pwani na misafara akaishia huku kwenye baridi. Mbao za mninga, na spring alizozing'oa kwenye kiti cha lori bovu, kiasi kwamba mmoja akikaa upande huu, mwenzake wa upande ule anapanda juu. Mkewe Chiku ndiye aliyekuwa jirani yangu na ndiye aliyenifundisha mji. "Shoga," aliniambia siku ya kwanza, "mumeo analiaga hilo kochi kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Angalia usije ukawa mke mwenza."

Lakini shida haikuwa kochi. Shida ilikuwa ukuta wa juu yake. Ulikuwa mpana, umepakwa chokaa, hauna kitu, na Asukile hakuweza kuutazama bila kukunja uso. Mimi nilikuwa na shauri langu. Nilikuwa nikidarizi kitambaa cha ukutani, migomba miwili na kuku mwekundu chini yake, kama tulivyofundishwa misheni. Nilikuwa nimebakiza mkia wa kuku.

"Kuku?" Asukile alisema. "Juu ya kochi la mninga tuweke kuku?"

Yeye alikuwa ameona mambo Iringa. Siku moja alitumwa kupeleka mafaili nyumbani kwa mkubwa wake, Mzungu, akasimamishwa mlangoni pa sebule. Juu ya kochi akaona picha kubwa ya mzee mwenye masharubu, baba wa yule Mzungu. "Nikajua huyu mtu ana kwao," aliniambia. "Hata akiwa mbali na kwao, ana kwao."

Sasa lazima nieleze jambo la kwetu, maana msomaji wa mahali pengine ataniona mjinga. Kwetu Unyakyusa mke hamwoni baba wa mumewe. Hamtazami, haingii nyumba aliyomo, hata jina lake halitaji. Mimi hadi leo silitaji, na humu hutalikuta. Ukisikia anakuja unajifunika nguo kichwani, unaingia migombani mpaka apite. Watu wa nje huona huo ni utumwa. Mimi nilikaa kwa wakwe mwaka mzima na nusu, mume yuko mbali, na sijapata kuheshimiwa na mtu kama nilivyoheshimiwa na yule mzee. Alikuwa na kikohozi chake. Si cha ugonjwa, cha makusudi, mara mbili, kabla hajafika kona ya nyumba, ili nipate nafasi ya kuondoka. Siku moja alinikuta njiani nina mtungi wa maji kichwani, njia imeteleza kwa mvua. Mimi ndiye niliyepaswa kukimbia. Yeye akaingia kwenye matope mpaka magotini, akageuza uso upande wa pili, akasimama hivyo mpaka nikapita.

Nilipojifungua Anyitike nilishikwa na homa siku tisa. Kila asubuhi nilimsikia nje ya ukuta wa mianzi anakohoa, kisha anamwuliza mama mkwe, "Amekunywa kitu?" Na kila siku palikuwa na kitu mlangoni, maziwa au ndizi, wala hakuna aliyesema vimetoka kwa nani. Nilimpenda. Nasema hivyo hivyo bila kuzunguka. Nilimpenda mtu ambaye hata pua yake sikuwa naijua.

Basi mwezi wa sita nilikuwa jikoni, kibanda kidogo uani mkabala na dirisha la sebule, nikasikia nyundo inagonga. "Mama Anyitike, njoo uone!" Nikaenda nikifuta mikono kwenye kanga. Asukile amesimama juu ya kochi, anatabasamu mpaka gego la mwisho, na ukutani pana picha kubwa yenye kioo na fremu nyeusi. Niliona kwanza miguu. Miguu ile niliijua, maana ndicho kitu pekee cha mzee yule nilichopata kukiona nikiwa nimeinama migombani: nyayo pana, kidole gumba cha kulia kimepinda. Sikupandisha macho zaidi ya magoti. Nilijifunika kanga usoni nikatoka kinyumenyume, nikajigonga mlangoni, nikakimbilia jikoni.

Asukile akaja nyuma yangu anacheka, kisha akaacha kucheka.

"Sekela, ile ni karatasi."

"Ina miguu ya baba yako."

"Nilimpeleka kwa mpiga picha wakati wa Pasaka. Nilitaka kukushangaza. Na alinisumbua kweli, kila akiambiwa fanya hivi, yeye anafanya vile. Sasa na wewe unisumbue?"

"Baba yako hukohoa kabla hajafika," nikamwambia. "Hii itakohoa saa ngapi?"

Alikasirika, akarudi kwenye kochi lake. Picha ikabaki.

Tangu siku hiyo sebule haikuwa yangu. Nilizunguka kwa uani kutoka na kuingia. Baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba unaijua kama umeionja: jiko la mkaa liko sebuleni, baba na mtoto wanaota moto kwenye kochi, na mimi niko jikoni na moshi wangu. Kitambaa changu nilikiweka kando, maana mwanga mzuri wa kushonea ulikuwa ule wa sebuleni. Chiku alinionea huruma na kunicheka kwa pamoja. "Kwetu baba mkwe nampa mkono, nampikia chai, namtania," alisema. "Ninyi mnaogopa mpaka fremu! Haya, ifunike na kanga." Nikaifunika, kwa kupapasa, macho nimefumba. Asukile aliporudi akaivuta kanga ile chini. "Unamfunika baba yangu kama maiti?"

Jumapili moja alimwalika Gideoni, karani mkuu wake, aje kunywa chai. Nilioka mikate, nikachemsha chai ya maziwa, nikavaa gauni langu la kanisani. Kisha nikapeleka vyote kupitia dirishani. Nilisimama nje uani nimeupa ukuta mgongo, nikawa napitisha kikombe kimoja kimoja juu ya bega, na Asukile anapokea kwa ndani huku jasho linamtoka. Gideoni alikuwa Mbena, mtu wa adabu. Alisema tu, "Shemeji, chai nzuri," akilisemesha dirisha.

Alipoondoka tuligombana kama hatujawahi kugombana.

"Watu watasema nina mke mwenye wazimu!"

"Waambie ukweli. Waambie umeniwekea mkwe juu ya kiti."

"Wewe ulikuwa kwetu, na baba yangu yuko nje ya ukuta wako kila asubuhi. Mimi nilikuwa Iringa!" Aliketi kwenye kizingiti cha jiko. "Miaka mitatu naamka sina wa kumsalimia kwa lugha yangu. Sasa nataka nikirudi kazini nimkute. Ni kosa?"

Halikuwa kosa, na hapo ndipo uchungu ulipokuwa. Tulikuwa wawili tunaompenda mtu mmoja, na ukuta ni mmoja. Nikimwambia aiondoe, namtenga na baba yake mara ya pili. Nikiizoea, nikaanza kupita mbele yake nimebeba ndoo na kichwa wazi, basi yale matope aliyoingia kwa ajili yangu nimeyafuta. Nilianza kufunga nguo za mtoto. Sikumwambia Asukile, lakini moyoni nilikuwa nimeamua: mvua za kwanza zikianguka nitarudi Tukuyu, na sikujua kama nitakuja tena.

Mzee alifika kabla ya mvua. Mwezi wa tisa, mchana, alishuka na basi la Tukuyu aje kumwona mjukuu wake, atalala kwa ndugu zake mtaa wa pili. Asukile alikwenda kumpokea. Nikiwa jikoni nilisikia kule kwenye uzio: khm, khm. Nilifunga mlango, nikakaa juu ya kinu, na kwa kuwa dirisha la sebule lilikuwa wazi nilisikia kila kitu.

Kwanza nilisikia nyayo zikiingia sebuleni. Spring za lori hazikulia, hakuwa ameketi.

"Huyu ni mimi," alisema mzee.

"Ndiyo, Tata. Kila mgeni anakuona."

"Na mkeo akileta chai anapita wapi?"

"Dirishani."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa sita."

"Lo!" Nilisikia fimbo inagonga sakafu. "Miezi mitatu nimekaa hapa namfukuza mwanangu nyumbani kwake, na mimi sina habari. Nilifanya nilivyoweza kule kwa mpiga picha. Naona haikutosha."

Maneno yale ya mwisho sikuyaelewa, na wakati ule sikuwa na akili ya kuyafikiri.

"Tata, nilitaka watu wajue ninakotoka."

"Si una mdomo? Waambie."

Kisha kochi likalia. Nikajua amepanda juu yake, mzee wa miaka ile, na nyayo zake zile. Nikasikia waya unakwaruza msumari, fremu inagonga ukuta. Akashuka akihema. Akakohoa mara mbili. Hakunisemesha mimi, maana haiwezekani. Alimpakata Anyitike, akapaza sauti kuelekea dirishani.

"Anyitike, mwambie mama yako babu amegeuka. Aingie kwake. Na siku babu akiondoka duniani, anigeuze yeye. Asinigeuze mtu mwingine."

Anyitike, ambaye alikuwa na maneno kama kumi hivi, akasema, "Kuku."

Nilikuwa nalia na kucheka. "Anyitike," nikaita kutoka jikoni, "mwambie babu, ndaga. Ndaga fijo." Ndiyo shukrani kubwa kuliko zote nilizokuwa nazo.

Alipokwisha kwenda niliingia sebuleni kwa mlango, mara ya kwanza tangu mwezi wa sita. Ukutani palikuwa na mgongo wa picha, kadibodi ya kahawia yenye muhuri wa mpiga picha. Asukile amekaa upande mmoja wa kochi ameinamisha kichwa. Nikakaa upande wa pili, akapanda juu kidogo, tukatazamana. Juma lile nilimalizia mkia wa kuku, nikakishonea kitambaa juu ya kadibodi ile, pindo kwa pindo. Na mgeni yeyote aliyekisifia, Asukile alimwambia, "Nyuma ya kuku huyu yuko baba yangu," na mgeni akiuliza, basi hapo chai ilipoa, maana alimweleza mzee tangu ujana wake, ng'ombe wake, hasira zake, mpaka yale matope, ambayo mimi ndiye niliyemsimulia. Gideoni aliyasikia mara tatu.

Karibu miaka mitano tulikaa hivyo. Mzee alikufa mwaka 1958, mwezi wa tatu, mvua zikiwa kali. Tulikwenda kuzika, tukarudi tumechoka. Siku ya pili Asukile alisimama mlangoni pa sebule, akasema, "Ni kazi yako ile," kisha akamchukua Anyitike akatoka naye uani.

Nilitoa fremu msumarini. Nilikata uzi wa pindo taratibu, nikakitoa kitambaa, nikaishika picha imenipa mgongo. Nilikuwa na kanga kichwani kama siku zote za kumkimbia. Miaka saba nilikuwa mke wa nyumba ile na sikuwa naujua uso wake, na sasa mwenye uso hayupo wa kunionya.

Basi nikakohoa mimi. Mara mbili. Nikangoja kidogo, kisha nikaigeuza.

Alikuwa na pua ya Asukile. Alikuwa na mashavu yaliyobonyea na ndevu chache nyeupe. Lakini hakuwa akinitazama. Mwili wote ulielekea mbele, fimbo mkononi, miguu imekaa sawa, na shingo imegeuzwa kabisa pembeni, macho yakitazama kitu kisichokuwamo kwenye picha.

Nilimwita Asukile. Alikuja akasimama nyuma yangu.

"Kwa nini ametazama kule?"

"Nilikwambia alinisumbua," alisema kwa sauti ndogo. "Aliniuliza nani ataitazama hiyo picha. Nikasema sisi sote wa nyumbani. Basi mpiga picha akamwambia mara tatu, mzee, tazama hapa, akakataa. Akageuza uso. Mimi nikaona aibu, nikadhani ni ushamba."

Nilikaa kwenye kochi, picha mapajani. Nilitoa kanga kichwani. Siku zote zile nilizozunguka kwa uani, siku zote za kupitisha chai dirishani, mzee yule alikuwa pale ukutani amesimama pembeni ya njia, ananipisha.