Mto Uliogeuka Mweupe

Mama yangu Kahaso aliujua mto kwa rangi yake. Ukigeuka mwekundu, hata kama kwetu jua linawaka, alijua mvua imenyesha bara na mafuriko yako njiani. Aliwaambia watu wa bondeni wahamie mlimani na mbuzi wao, nao walihama. Kwa miaka arobaini hakufa maji hata mmoja, na hakuna aliyemwambia ahsante.

Kisha likaitishwa baraza, na likajengwa bwawa juu ya mji wetu. Mto ukaanza kupita mweupe kama maji ya mfereji, wanawake wakafurahi, na king'ora kikafungwa kwenye nguzo ya sokoni. Kila mtu akaona mambo yamenyooka. Na mimi pia, mjinga mwenzao.

Novemba, redio ikatangaza mvua kubwa huko bara. Jirani yetu Nyale alikuwa na mahindi bondeni, yamekauka, yanangoja kuvunwa. Akaja kumwuliza mama avune au akimbie. Mama aliteremka mtoni, akateka maji kwa kata, akayatazama sana.

"Ni meupe, mwanangu," akamwambia. "Vuna."

Alasiri ile ile bwawa lilijaa, wakafungua milango. Maji yalikuja meupe vilevile, yakamchukua Nyale na mahindi yake. King'ora hakikulia. Kumbe hakikuwahi kuunganishwa na umeme.

Matangani hakuna aliyekitaja king'ora. Walimtaja mama. Walisema ni mchawi, amemtoa Nyale kafara, na huku kwetu mwanamke mwenye mvi akishaitwa hivyo, panga haliko mbali.

Nikamwendea Musembi, ofisa wa bwawa. Akanieleza bila haya kwamba tope lote sasa linatuama bwawani, hivyo mto hautakuwa mwekundu tena hata ukifurika. Nilimsihi aje aseme hayo mbele ya watu. Akasema hana ruhusa ya kuzungumzia ajali. Nilitamani kumzaba kofi.

Nikampeleka mama Kaloleni kwa dada yangu. Njiani nilimweleza habari ya tope, nikidhani itamtuliza. Akaniuliza:

"Walilijua hilo kabla ya kujenga?"

"Walilijua, mayo."

"Basi siku ile ya baraza, niliposimama nikawaeleza jinsi ninavyoutazama mto, huyo Musembi alikuwa akiandika nini?"