Mama Anasubiri Kuagwa

"Mungu anaelewa lugha zote, we mwanamke!" Jirani wa mlango wa pili, aliyeitwa Soprano kwa sababu ya kwaya, alikuwa ameshika kiuno.

"Mungu anaelewa," alijibu fundi cherehani, pini mdomoni. "Mama ndiye haelewi."

Mama alikuwa amekaa katikati yao, anamenya vitunguu. Walimzika Jumamosi. Misa yote ilisomwa kwa Kilatini, kama paroko mpya alivyoagiza, na mama alilala kwenye jeneza akisubiri aambiwe aende. Hakusikia neno hilo. Jioni alirudi kwa miguu, gauni la Jumapili limejaa udongo, akauliza nani amefiwa, maana ameona viatu vingi mlangoni.

Binti yake, huyo fundi, alishamwambia, tena kwa upole: "Mama, umefariki. Nenda ukapumzike."

"Hilo aseme padri. Wewe ni fundi wa nguo."

Tangu hapo hakulala. Alikaa macho makavu, anapiga miayo kama mtu aliyekosa usafiri, na kila siku alizidi kuwa mwepesi.

"Kilatini hakina mwenyewe," Soprano aliendelea. "Hakuna wa kumcheka mwenzake lafudhi."

"Ndiyo, wote tumekuwa wageni."

Fundi akatema pini, akamshika mama mkono, wakaenda kwa paroko. Paroko alimwamkia mama shikamoo, akamvutia kiti.

"Baba, muage kwa Kiswahili. Maneno mawili tu."

"Nikimfungulia mmoja, binti yangu, kesho kila ukoo utataka lugha yake. Kanisa litabaki vipandevipande." Hakuwa mtu mbaya. Alifungua kitabu akarudia sala zote za maziko, taratibu, kwa Kilatini. Mama aliitikia amina pale alipoisikia.

"Ana sauti nzuri," mama alisema njiani. "Tutarudi siku atakayosema kitu."

Fundi alimshika mama kwa nguvu zaidi, maana upepo ulikuwa umeanza.

Jioni, walipokuwa wanapakua chakula pamoja na Soprano, hodi ikabishwa mlangoni. Alikuwa muuza mkaa wa kona, aliyezikwa mchana ule, suti mpya, pamba bado puani. Soprano ndiye aliyeongoza nyimbo za Kilatini kwenye maziko yake.

"Samahani, wanangu. Wale watu walikuwa wananiimbia nini?"

Soprano alitazama chini. Mama akasogea kwenye mkeka.

"Hata sisi hatujui, baba. Ingia ule."