Kiatu cha Kushoto cha Mchungaji

Mguu wa kushoto wa Darcy Wiebe ulivunjika tarehe tisa Januari, kipindi cha pili, alipozuia shuti kwa kiatu. Katika Saskatoon nzima watu wawili tu tuliujua ukweli huo: yeye, kwa sababu ndiye aliyeumia, na mimi, kwa sababu ndimi niliyekuwa natunza viatu vya timu. Daktari aliambiwa ni uvimbe mdogo.

Kila asubuhi nilikipasha moto kile kiatu chake cha hoki, chenye chuma cha kutelezea barafuni, nikakitanua kwa kipande cha mbao. Yeye alikaa kwenye kiti changu, akauma taulo, mguu ukaingia. Kisha alitema taulo na kusema, "Asante, Mzee Kuzyk. Samahani kwa usumbufu."

Samahani! Nimekaa kwenye vyumba vya hoki miaka thelathini na mmoja, na kumi na miwili ya mwanzo nilikuwa mpiganaji, yaani yule mtu anayetumwa barafuni si kufunga bao bali kumtia mpinzani adabu. Nimeacha meno saba katika miji sita, na pua yangu imepinda kiasi kwamba nikipiga chafya analowa mtu wa pembeni. Lakini kuuma taulo kila siku kwa miezi mitatu, halafu niombe radhi? Hapana. Mimi nililia kama ndama kwa kidole tu.

Wenzake walimwita Mchungaji. Alizaliwa Steinbach kwa Wamenno, Wakristo wasioshika silaha, hatukani, na akimwangusha mtu kwa bahati mbaya humuuliza kama yuko salama. Msimu mzima alikaa kwenye kizimba cha wakosaji dakika nne tu, na alifunga mabao thelathini na moja. Alikuwa na miaka thelathini na mitano, mkataba unaisha, na amecheza mechi mia tisa na thelathini. Kwenye ligi yetu ukifikisha elfu moja unapewa fimbo ya fedha katikati ya barafu, mkeo na wazazi wako wakiwa wamesimama kwenye zulia. Baba yake alikuwa ameshapigilia msumari ukutani wa kuitundika. Kwa hiyo Mchungaji alihitaji kitu kimoja tu: mwaka mmoja zaidi.

Mwaka huo ulikuwa mikononi mwa Lyle Haugen, meneja wetu, mtu mwenye tai nzuri na magoti mazima.

Aprili, mechi za mtoano zikiwa zimeanza, majina matatu ya wanaowania tuzo ya uungwana yalitangazwa. La Wiebe lilikuwamo. Asubuhi hiyo alikuta kwenye kabati lake kikombe cha chai chenye maua ya waridi, na sahani yake, na biskuti mbili.

"Mchungaji, kidole kidogo kiwe juu unapokunywa!" alipiga kelele kipa.

"Msimguse, atapata baridi!"

Wiebe alicheka. Aliketi akala biskuti moja, nyingine akanipa mimi. Kisha Haugen akapita, akakiona kikombe, akatabasamu kwa mdomo tu.

"Hongera, Darcy. Ila nikwambie, mtoano si karamu ya chai. Mwakani nataka wanaume wagumu hapa."

Mimi nilikuwa nimeshika kiatu cha kushoto, bado cha moto. Ningeweza kukiinua pale pale na kusema: mtu mgumu ni huyu hapa, tazama. Lakini kwetu jeraha halitangazwi, hasa kwenye mtoano, maana wapinzani wakijua mahali panapouma ndipo watakapopiga. Mtu akikatwa kichwa, timu itatangaza kwamba ameumia sehemu ya juu ya mwili. Na zaidi ya hapo kuna aibu: anayetaja maumivu yake amelegea. Mimi ndivyo nilivyolelewa, nikanyamaza.

Siku iliyofuata Wiebe alikuja kwangu, akafunga mlango.

"Mzee, nifundishe kupigana."

"Mchungaji, wewe ukimpiga mtu utampelekea supu nyumbani."

"Sitanii. Umemsikia Haugen."

Nilipaswa kumfukuza. Badala yake nilifurahi; miaka mingi ilikuwa imepita tangu mtu aulize kitu ninachokijua. Nilimwonyesha jinsi ya kushika jezi karibu na kiwiko na jinsi ya kuificha taya. Nikamwonyesha na adabu yake, maana hata ngumi zetu zina adabu: unamwomba mtu kwanza, akikubali ndipo glavu zinaanguka.

"Na mguu?" niliuliza.

"Mguu hauhitajiki. Ni ngumi."

"Basi mpige moja tu ya nguvu," nilisema huku nacheka. "Haugen atakuandikia mkataba kwa damu."

Nilisema hivyo. Mzaha tu. Mdomo wangu umenivunjia vitu vingi kuliko ngumi.

Mechi ya sita ilichezwa Jumapili mchana, tukiwa nyumbani dhidi ya Hamilton. Tukishindwa tunatoka. Tulikuwa sare ya bao moja kwa moja, kipindi cha tatu, wachezaji wamejipanga kusubiri refa aangushe kisahani, ule mpira wetu bapa, mbele kabisa ya benchi letu. Wiebe alisimama karibu na Roussin, mpiganaji wao, mtu mwenye shingo kama gogo.

"Samahani," Wiebe alisema, nilimsikia kwa masikio yangu. "Utapigana nami?"

Roussin aliangalia nyuma yake, akidhani anaambiwa mwingine. "Nani, mimi na wewe? Acha hizo, Mchungaji. Mama yangu anakupenda."

"Tafadhali."

"Kaka, nenda kafunge bao lako. Mimi sitaki kuzomewa nchi nzima."

"Tafadhali, Roussin. Nakuomba."

Nadhani ni ile sauti iliyomshinda. Roussin alishusha pumzi, akaachia glavu. Watu elfu kumi na tano waliinuka.

Ilichukua kama sekunde nane. Roussin alimshika jezi kama mtu anayeshika nguo iliyoanikwa, akampiga begani, mara mbili, polepole. Aliona haya. Wiebe alirusha ngumi yake moja ya nguvu, kama nilivyomwambia, ikatua juu ya helmeti. Nilisikia mfupa wa mkono ukivunjika. Alipojaribu kusimama imara, mguu wa kushoto ukakataa, akaanguka peke yake, bila kuguswa. Ni Roussin aliyeinama kumsaidia kuinuka.

Uwanja haukushangilia. Mtu mmoja tu nyuma yangu alicheka.

Wiebe hakurudi mchezoni. Dakika nne baadaye mchezaji wa Hamilton alitolewa kwa kosa, tukawa watano dhidi ya wanne, nafasi ambayo msimu mzima ilikuwa yake. Kijana aliyewekwa mahali pake alipiga nje, goli likiwa wazi. Wakatufunga mwishoni, mbili kwa moja. Magazeti yaliandika: Wiebe, sehemu ya juu ya mwili.

Jumatano nilikwenda ofisini kwa Haugen. Sijawahi kupanda ngazi zile bila kuitwa.

"Bosi, kuhusu Darcy. Ule mguu umevunjika tangu Januari. Amecheza mechi arobaini na mbili nao. Mabao kumi na saba. Nimemvisha mimi mwenyewe."

Haugen aliweka kalamu chini. Kwa kitambo kidogo uso wake ulibadilika, nikadhani nimeshinda.

"Miezi mitatu?"

"Mitatu na zaidi."

"Haukutibiwa?"

"Hata kidogo."

Aligeukia dirishani. "Miaka thelathini na mitano, mkono umevunjika, na sasa na mguu." Akachukua tena kalamu. "Nilikuwa bado nasitasita, Orest. Asante kwa kuniambia."

Juni Wiebe alishinda tuzo. Kura zilikuwa zimepigwa kabla ya mtoano kuanza, ngumi yake haikuhesabiwa. Wiki iliyofuata alikuja kuchukua vitu vyake, mkono ukiwa kwenye plasta, tuzo ikiwa kwenye buti la gari, imefungwa kwa blanketi la mtoto. Niliibeba mimi mpaka ndani ili waosha nguo waione. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Hakuna timu iliyokuwa imempigia simu.

Alikaa kwenye kile kiti changu, akatazama viatu vyake.

"Jambo moja linanifariji, Mzee," alisema. "Haugen hakujua habari ya mguu. Angejua, angesema natafuta kisingizio. Wewe ulinitunzia."

Niliwasha mashine ya kunolea. Ina kelele, huwezi kujibu mtu ikiwa inazunguka. Nikanoa cha kulia, kisha cha kushoto, taratibu, kama kwamba kesho kuna mechi, nikavifuta, nikampa.

"Asante, Mzee Kuzyk," alisema. "Samahani kwa usumbufu."