Kibao cha Lutie Scaggs

Jumanne ya tarehe 14 Aprili 2015, asubuhi, watu wa kaunti waliokuja kupanua barabara waling'oa kibao cha Lutie Scaggs kwa mnyororo na tingatinga, wakakitupa nyuma ya lori kama chuma chakavu. Mke wangu Oma aliona yote kutoka dirishani. Alikuwa anaumwa tayari, lakini mimi nahesabu ugonjwa wake kuanzia siku ile, na daktari aseme atakavyo.

Kilikuwa kibao cha serikali ya jimbo, kama vile vinavyosimama kila kona ya nchi hii kusema hapa palipiganwa vita, hapa alilala jenerali. Chetu hakikuwa na jenerali. Kilisema kwamba mwaka 1903 ndui iliingia kambi ya makaa ya mawe hapa Pigeon Lick, na kwamba Lutie Scaggs aliwauguza wagonjwa. Basi. Mengine tunayo sisi vichwani.

Lutie alikuwa mjane, akifua nguo za wachimbaji. Kampuni iliwakusanya wagonjwa kwenye kibanda kilimani, ikaweka mlinzi mwenye bunduki njiani. Wakubwa ni wale wale, enzi zote. Lutie akapanda na karai lake. Mlinzi akamwambia akiingia hatoki. Akamjibu, "Basi kesho niletee sabuni."

Akachemsha mashuka yao. Akawalisha uji wa mahindi kwa kijiko, wanaume wazima waliokuwa wakiwalilia mama zao kwa Kihungari na Kiitaliano, naye hajui hata neno moja la lugha hizo. Wengi walitoka kwa miguu yao, mmoja wao babu yake Oma. Lutie hakutoka. Walionusurika wakamzika nyuma ya kibanda bila jiwe, maana kampuni haikutaka ukumbusho wowote.

Mimi niliishia darasa la sita, sijui ushujaa wa vitabuni. Lakini nikilifikiria lile jibu la sabuni, navua kofia hata nikiwa peke yangu.

Oma ndiye aliyekipigania kibao. Yeye na akina mama wa kanisa waliuza keki na kuwasumbua wakubwa mpaka kikasimamishwa. Na mahali hakupachagua ovyo. Ukiegemeza mgongo kwenye kibao ukapanda kilima moja kwa moja, unafika kaburini kwa Lutie. Kila Jumapili ya kupamba makaburi, mwezi wa tano, tukishafagia makaburi ya wazee wetu tulimalizia pale. Oma alitengeneza maua ya karatasi, akayachovya kwenye nta ili yastahimili mvua. Wasioweza kupanda waliyaweka chini ya kibao, na miaka ilivyokwenda hata wenye nguvu zao wakaacha kupanda. Kibao kikawa ndicho kaburi.

Mwezi wa tano ule kilikuwa kimesimamishwa upya, maili tatu kutoka pale, kando ya kituo cha mafuta kwenye barabara kuu. Nilimpeleka Oma kwa gari. Tukakuta maua yamerundikwa hapo, kati ya mashine ya kujaza upepo na pipa la taka. Jirani yetu Hobart Ratliff ameinamisha kichwa, anasali.

"Hobart," Oma akamwita, "unamwombea nani hapo?"

"Lutie, Dada Oma."

"Lutie hakufa kwa kuishiwa petroli, we mpumbavu. Pakia hayo maua garini."

Hobart akacheka mpaka akakohoa, akatii. Sijamjua mtu aliyeweza kumkatalia Oma, ukiondoa hao wa kaunti.

Tukarudi nyumbani. Pale kilipokuwa kilima palikuwa na ukuta wa udongo wa manjano, na barabara pana chini yake. Hakuna mawe ya kibanda, hakuna pa kuegemeza mgongo. Oma alikaa garini akitazama, maua mapajani. Hakulia. Akasema, "Waulize walikuta nini. Na usije ukaniambia umechoka kuuliza."

Alifariki mwezi wa saba.

Tangu hapo sikosi mkutano wa kaunti. Mwenyekiti, Bwana Pruitt, alinieleza kwa upole kwamba sasa kibao kinasomwa na watu wengi zaidi, na kwamba jimbo halikukiweka kiwe kaburi. Hobart, aliyenisindikiza, akamwuliza kama mama yake Pruitt, huko kaburini, naye angependa kuhamishiwa penye wasomaji wengi. Wakatutoa nje. Mwezi uliofuata tukarudi. Niliambiwa nimwone mkandarasi. Mkandarasi kahamia jimbo jingine. Udongo wa kilima, wanasema, ulipelekwa kujazia mashimo, na hakuna anayekumbuka ni mashimo yapi.

Sasa wananijua. Nikisimama tu, Pruitt anatazama saa. Sitaki fidia, wala sijaomba kibao kirudi. Nauliza lile alilonituma mke wangu, na nalisema kwa sauti ili hata wa nyuma wasikie: mlipokikata kile kilima, mlimkuta Lutie, na kama mlimkuta, mlimpeleka wapi?